Dakika ishirini za mtoto mmoja: ni haki au upendeleo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la sita katika shule ya serikali huku vijijini mkoani Tabora, darasa lenye watoto 94. Mmoja wao ni binti mwenye ualbino, na uoni wake ni hafifu. Miaka yote amekuwa akishika nafasi ya sitini na kitu. Mtihani wa muhula uliopita nilimwandikia karatasi yake kwa herufi kubwa na kumwachia dakika ishirini zaidi kwenye Hisabati. Akawa wa saba. Wazazi wawili wakaja juu: si mnatuambia kila siku kwamba watoto wote ni sawa? Mwalimu mkuu naye akanionya kwamba kumtendea tofauti ndiko kumnyanyapaa, nimwache awe kama wenzake. Nimechanganyikiwa. Nikimwona yuko tofauti, nambagua. Nikimwona yuko sawa, namwonea. Nishike lipi? Halafu kuna suala la kofia: anakatazwa kuivaa mstarini kwa sababu si sare.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishika ni hiyo nafasi ya saba. Alipokuwa wa sitini na kitu hakuja mzazi hata mmoja kuuliza usawa uko wapi. Kwa hiyo kabla hujajilaumu, jua kwamba wazazi wale hawakukerwa na dakika, wamekerwa na namba. Lisikuchukize hilo. Mzazi hutetea wa kwake, na wengi wakielezwa vizuri huelewa. Nitawarudia.

Nianze na mimi mwenyewe. Mimi ni wa shoto. Nilipoanza darasa la kwanza amri ilikuwa moja kwa wote: penseli mkono wa kulia. Watoto wote waliambiwa, wote walisimamiwa, na rula ya kugonga vifundo vya vidole ilimsubiri yeyote atakayekosea. Usawa mtupu! Ila darasa zima tulioumia tulikuwa watatu, na wote watatu tulikuwa wa shoto. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alituletea maembe kutoka kwake. Aliamini kabisa kwamba anatutendea sawa na wenzetu, na ukiipima kwa maneno ya amri ile, alikuwa sahihi. Nilichelewa kujua kuandika, na si kwa kosa la mkono wangu. Amri ilitungwa na watu wa kulia wakasahau kwamba ni ya kwao. Mpaka leo mkasi wa ofisini unanikataa, kwa sababu makali yake yamepangwa kwa ajili ya mkono wa kulia, na sijasikia mtu akisema watu wa kulia wamependelewa mkasi.

Darasa lako nalo limekwisha kukatwa kwa vipimo vya mtu fulani. Ukubwa wa herufi zako ubaoni, umbali wa dawati la nyuma, muda unaoandikwa juu ya karatasi ya mtihani, vyote vilipangwa na mtu aliyekuwa na mtoto fulani akilini, yule anayetupa jicho mara moja na mstari mzima ukaingia. Mtoto huyo ameshapewa marekebisho yake, ila hayaonekani kwa sababu yamekuwa ndiyo kawaida.

Sasa tumwangalie binti yako anaposoma, maana naona wote wanaombishania, mkuu na wazazi, hawajawahi kukaa karibu naye. Melanini, ile rangi asilia ya mwili, kazi yake si kukinga ngozi tu. Inahitajika pia jicho linapojengeka tumboni mwa mama. Ikikosekana, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayoshughulika na kuona vitu vidogo haikomai sawasawa. Ndiyo maana miwani humsaidia kiasi tu, na ndiyo maana mtu asishangae akisema "si ana miwani?" na bado mtoto haoni ubao. Juu ya hayo, mboni za wengi wao huchezacheza zenyewe. Mtazame vizuri: ataiinua karatasi mpaka karibu iguse pua, kisha atainamisha kichwa upande mmoja. Hana kiburi wala shingo haimuumi. Amegundua mwenyewe kwamba akikiweka kichwa pembe ile, mboni hutulia. Anasoma maneno mawili matatu, anahamisha karatasi, anatafuta alipoishia. Kwenye Hisabati kazi ni mara dufu, kwa sababu lazima arudi juu kwenye swali, ashuke kwenye kazi yake, arudi tena kuhakikisha ni 6 au 8. Mwenzake anayafanya hayo kwa kupepesa macho.

Kwenye semina za walimu nilikuwa nabeba miwani ya plastiki ya kuchezea watoto, nazipaka lenzi zake mafuta ya mgando, kisha nawaambia walimu wanakili mistari mitano kutoka ubaoni. Mafuta hayaigizi macho ya mtu mwenye ualbino, kwa kuwa yeye ana mbinu alizojifunza tangu utotoni, lakini yalitosha. Kufika dakika ya tatu chumba kimebadilika. Mmoja ameinuka kwenda ubaoni bila ruhusa, mwingine anachungulia daftari la jirani, wa tatu amevua miwani na kusema kichwa kinamuuma. Basi nawasomea maoni niliyozoea kuyaona kwenye ripoti za watoto wenye uoni hafifu: hatulii kitini, anaiga kwa wenzake, mvivu. Chumba kinakuwa kimya.

Sasa swali lako lenyewe. Unaniuliza ushike lipi, tofauti au usawa, kana kwamba ni mizani, ukiongeza huku kunapungua kule. Mimi nakuomba uulize swali jingine kabla ya hilo: mtihani wangu unapima nini? Mtihani wa Hisabati wa darasa la sita unapima kama mtoto anaweza kugawanya sehemu, kutafuta eneo la mstatili, kukokotoa faida na hasara. Haupimi ukali wa macho. Ukimpa binti karatasi ya herufi ndogo na muda wa wenzake, umempima macho, halafu ukaandika alama kwenye safu ya Hisabati. Hiyo nafasi ya sitini na kitu haikuwa kweli, mwalimu. Ile ya saba ndiyo mara ya kwanza shule yenu imepima Hisabati yake. Kwa hiyo usawa unaoutafuta upo kwenye kinachopimwa: maswali yale yale, ugumu ule ule, usahihishaji ule ule. Tofauti inakaa kwenye njia ya kufikia swali. Ukivibadilisha mahali, umeharibu vyote viwili.

Hapo ndipo penye mpaka, na niuseme wazi kwa sababu wema nao huharibu. Usimwongezee hata alama moja. Usimpunguzie maswali kwa kumhurumia, usimtungie karatasi nyepesi, usiseme "huyu akipata hamsini inatosha". Nimeona watoto wengi wasioona waliopandishwa madarasa kwa huruma, wakafika mbele hawajui kugawanya, na siku huruma ilipoisha hakuna aliyekuwepo kuwajibia. Kumshushia mtu kipimo ni kumwambia kwa adabu kwamba hatumtegemei.

Na kigezo hiki cha "kinapimwa nini" hakisemi ndiyo kila mara. Mkipanga watoto kukimbia mita mia, muda ndicho kitu chenyewe kinachopimwa, huwezi kumwongezea mtu sekunde ukaendelea kuyaita mashindano yale yale. Hapo utatafuta kundi la kushindana nalo kwa haki. Au chukua kusoma kwa ufasaha katika madarasa ya chini, pale mwalimu anapohesabu maneno kwa dakika. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu namba ile haitakuambia kama anajua kusoma, itakuambia jicho lake linasafiri kwa kasi gani. Ni heri umsikilize akisoma aya nzima kwa mwendo wake, kisha umuulize ameelewa nini. Imla ndiyo kichekesho kabisa. Nimewahi kukuta mtoto kiziwi amekaa kwenye imla pamoja na wenzake, amepewa na dakika kumi za nyongeza. Za kufanyia nini? Angepewa hata siku nzima. Mtu alisikia kwamba wenye ulemavu huongezewa muda, akagawa muda kama mtu anayegawa pipi. Marekebisho lazima yafuate tofauti ilivyo kwa mtoto huyu. Jina la kundi lake halitakuambia.

Kuhusu dakika zako ishirini, hukuzitunga. Baraza la Mitihani la Tanzania katika mitihani ya kitaifa huwaongezea watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na wenye uoni hafifu hupewa karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa. Kwa hiyo kama karatasi yako ilikuwa ya saa mbili, ulimpunja: alistahili arobaini. Mweleze mkuu kwamba binti huyu mwakani atakaa kwenye mtihani wa darasa la saba akiwa na muda huo na karatasi hiyo. Asipozizoea sasa, atajifunzia pale pale kwenye chumba cha mtihani.

Mkuu wako sitaki kumcheka. Wasiwasi wake una mizizi. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila rangi na bajeti yake, na waliotugawa walisema wanazingatia tofauti zetu. Kizazi kilichovunja mpango ule kilijifunza kwamba anayeanza kwa kusema "nyinyi ni tofauti" humalizia kwa kusema "kwa hiyo chenu ni hiki kidogo". Ndiyo maana tulikua tukisema binadamu wote ni sawa, tena kwa sauti. Na kwa watu wenye ualbino hatari hiyo haihitaji historia ya mbali. Waliouawa na kukatwa viungo katika nchi hii walianza kwa kusimuliwa kwamba si watu kama sisi, eti hawafi, hutoweka. Mtu akishaambiwa yule ni kiumbe kingine, kisu hakiko mbali. Mkuu akiogopa neno tofauti, anaogopa kitu cha kweli.

Lakini angalia alikokosea. Waliosema binti ni kiumbe kingine walichukua tofauti ya ngozi na macho wakaipandisha mpaka kwenye utu. Mkuu, kwa nia njema, anachukua usawa wa utu anaushusha mpaka kwenye macho, kana kwamba kwa kuwa ni binadamu kama wenzake basi anaona kama wenzake. Katiba yetu imeyatenganisha haya. Ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Ukisogea Ibara ya 13, pale inapokataza ubaguzi, wakaweka pia maneno kwamba neno hilo lisitafsiriwe kwa namna ya kuizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unakwenda mbali zaidi: kumnyima mtu marekebisho anayoyahitaji, ilhali hayakulemei kupita kiasi, ni ubaguzi. Karatasi yenye herufi kubwa ni mzigo gani?

(Mtu atakuuliza: basi ni kama viti maalum bungeni? Hapana, usikubali vichanganywe. Viti maalum ni hatua ya kurekebisha mlango uliofungwa kwa wanawake muda mrefu, na watu wazima wanaweza kubishana vidumu mpaka lini. Karatasi ya binti haina "mpaka lini". Macho yake yatakuwa hivyo akiwa na miaka sitini.)

Unyanyapaa upo, ila unaingia kwa mlango mwingine, nao ni namna ya kutenda. Ukisimama mbele ya darasa ukasema "wewe mwenye matatizo ya macho, njoo uchukue karatasi yako", umemvua nguo. Ukiiweka mezani pake kabla wenzake hawajaingia, imekwisha. Mimi mwenyewe nimekosea hapa, tena vibaya. Nikiwa kijana, katika shule moja ya sekondari, nilirudisha karatasi za Historia na kusema kwa sauti: "Oneni aibu, huyu haoni na amewashinda nyote!" Darasa lilipiga makofi. Kijana yule hakusema kitu. Baada ya wiki kama mbili alinikuta chini ya mwembe akaniambia, kwa heshima zote, "Mwalimu, siku ile ulisema wao wana aibu ya kushindwa na mtu kama mimi." Sikuwa na la kujibu. Nilidhani namsifu, kumbe nimewapa wenzake kipimo cha udhalili wao, na kipimo chenyewe ni yeye.

Na majina. Usimwite zeruzeru wala usiruhusu aitwe hivyo, hilo unalijua. Ila usidhani kuna orodha moja ya maneno safi ya kukariri. Chama cha Wasioona Tanzania kimechagua kujiita hivyo, wala si vipofu. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimelishika neno viziwi na kulibeba kwa fahari, na ukiwaita "wasiosikia" kwa kuwapamba wengine watakutazama kwa mshangao. Mwenye jina ndiye wa kuulizwa. Sasa nikuulize wewe: katika barua yako nzima umenitajia mkuu, wazazi, darasa na sare. Binti mwenyewe alisemaje? Ulimuuliza anapenda kukaa wapi? Wengi hudhani dawati la mbele katikati ndilo jibu, kumbe pale huenda jua la dirishani linamchoma macho asione chochote. Muulize faragha, wala usianze na ulemavu. Mwambie: "Ukiwa unanakili, nini kinakuchelewesha?" Atakufundisha kuliko mimi.

Wale wazazi waite mmoja mmoja, nje ya kikao, maana kwenye kikao kila mtu hutetea alichokwisha kusema. Weka karatasi mbili mezani, ya binti na ya mtoto wao. Waombe wakuonyeshe swali ambalo kwa binti lilikuwa rahisi zaidi. Hawatalipata. Kisha waulize kama wangependa mtoto wao asome mtihani kutoka umbali wa madawati mawili. Mmoja anaweza kukutupia ile methali, vidole havilingani, akimaanisha kwamba wengine wamezaliwa wa kubaki nyuma. Mjibu kwamba methali imesema habari ya urefu wa vidole tu, haikusema kidole kifupi kisinawe. Na kama wanasema hata wao mtoto wao anakosa muda, wasikilize! Katika watoto 94 hawakosi wanaofinya macho wakitazama ubao na hakuna aliyewahi kuwapima. Pengine aliyekuja kulalamika ana mmoja nyumbani.

Ndiyo maana mambo mengi ninayokushauri hayahitaji kumtenga mtu. Andika ubaoni kwa herufi kubwa zaidi ya ulivyozoea, na tamka kila unachokiandika wakati chaki inatembea. Ubao ukichakaa ukawa wa kijivu, upakeni rangi upya. Ruhusu mtoto yeyote kusogea ubaoni bila kuomba. Majaribio yako ya wiki, kama hayapimi kasi, kwa nini uwabane muda wote 94? Waachie nafasi, wanaomaliza mapema watoke. Karatasi ya binti, ukipata pa kuchapa, iwe na herufi za saizi 18 au zaidi kwenye karatasi ya kawaida. Usikubali duka la steshenari wakukuzie kwa fotokopi mpaka iwe kama gazeti, maana atahangaika kuitafuta mistari kwa shingo. Usipopata pa kuchapa, endelea kuandika kwa mkono, kalamu nene nyeusi, nafasi kubwa kati ya mistari. Jirani yake wa dawati asigeuzwe karani wa kumwandikia. Hiyo huua urafiki.

Ya kofia sasa, na hii usiisubirishe muhula ujao. Ngozi isiyo na melanini huungua haraka, na saratani ya ngozi ndiyo inayowaondoa wengi wao wakiwa bado vijana. Jua baya ni la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, lakini na la mstarini asubuhi linahesabika likiwa la kila siku. Anahitaji kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, maana kapelo huacha masikio na shingo wazi, shati la mikono mirefu, na kivuli wakati wa michezo. Kama ugomvi wa mkuu ni sare, peleka kipande cha kitambaa cha sketi kwa fundi wenu, amshonee kofia ya rangi ile ile.